Utangamano: Umbo la Neno na Kazi Yake

Utangamano ni nomino iliyotokana na kitenzi kutangamana. Kutangamana ni kuwa pamoja kwa kuchanganyika: watu wa asili, dini, vyama au hali mbalimbali hukutana mahali pamoja, wakashughulika pamoja, na kila mmoja akabaki yule yule aliyekuwa. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo yenye uzito. Sukari ikiyeyuka ndani ya chai haionekani tena; kilichobaki ni chai tamu. Mahindi na maharage katika sufuria ya kande ni jambo jingine. Hupikwa kwa moto mmoja, hunywa mchuzi mmoja, na bado mlaji huona hindi ni hindi na haragwe ni haragwe. Neno utangamano liko upande wa kande.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno yanayokaribiana na hili. Amani, iliyotoka Kiarabu, ni usalama wa kutokuwa na hofu. Suluhu humaliza ugomvi. Mapatano na muafaka hufikiwa baada ya mazungumzo, na mara nyingi hutiwa saini. Maridhiano, yenye mzizi mmoja na neno radhi, huonyesha kwamba pande zilizokoseana zimekubali kuachiliana kinyongo. Umoja huwafanya wengi kuwa kitu kimoja. Mengi kati ya maneno hayo huitwa panapokuwa na jeraha la kutibu au hatari ya kuepusha. Utangamano hauhitaji ugomvi uliotangulia wala karatasi ya kutia saini. Ni neno la siku za kawaida: la sokoni, la darasani, la ndani ya daladala na la msibani. Inasikitisha kwamba kwa miaka ya karibuni limezoeleka zaidi katika hotuba na vibao vya ofisi kuliko katika mazungumzo ya watu wenyewe.

Umbo la kitenzi chake linastahili kuangaliwa kwa makini, maana sehemu kubwa ya maana imo humo. Ndani ya kutangamana zinaonekana kauli mbili. Ya kwanza ni kauli ya kutendama, inayobebwa na -am-. Kauli hii huonyesha kukaa katika hali fulani, na mara nyingi hali ya mwili: kusimama, kuinama, kuegama, kuchutama. Mtu aliyesimama hafanyi tendo linaloanza na kwisha papo hapo. Yumo katika msimamo. Vivyo hivyo kitu kilichogandama kimeganda na kinaendelea kuganda. Kauli ya pili ni ya kutendana, inayobebwa na -an-, ambayo hudai pande mbili au zaidi. Hakuna apiganaye peke yake, wala aelewanaye peke yake. Kauli hizo mbili zikiunganishwa, kitenzi husema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba tendo ni la pande zote, na kwamba ni hali inayokaa. Shina linalobaki, tanga-, halitumiki leo peke yake kwa maana hiyo. Kutanga kunakojulikana ni kuzurura, na kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi kuwa ushahidi wa undugu.

Vitenzi vyenye mwisho wa -amana ni ukoo mzima, na kila kimoja kina namna yake ya kuwaweka watu au vitu pamoja. Kusongamana ni kuwa pamoja kwa kubanana. Ndiyo maana magari ya asubuhi mjini huwa na msongamano, na hakuna anayeutamani. Kufungamana ni kuwa pamoja kwa kifungo, na katika siasa ya dunia neno hilo lilipata umaarufu kupitia nchi zisizofungamana na upande wowote, ambazo zilikataa kufungwa na kambi ya Mashariki au ya Magharibi. Kushikamana ni kuwa pamoja kwa nguvu, hasa mbele ya tishio. Vyama vya wafanyakazi hupenda neno mshikamano kwa sababu hiyo. Kuandamana kunatokana na kuandama, yaani kufuata, na watu wanaoandamana huwa na njia moja na mwelekeo mmoja. Kutangamana hakuna kifungo, hakuna adui wa kukabiliwa, hakuna mwelekeo mmoja wa lazima. Watu waliotangamana wanaweza kutoka asubuhi wakaelekea kazi tofauti, ibada tofauti na mikutano ya vyama tofauti, kisha jioni wakakuta chombo cha mmoja kimetumiwa na mwenzake ambaye hakuwa nacho.

Ndugu wa karibu zaidi ni kuchangamana. Wanafunzi wa sarufi hukutana nacho katika sentensi changamano, ile yenye kishazi huru na kishazi tegemezi, tofauti na sentensi ambatano, ambamo vishazi huru viwili huwekwa sambamba. Istilahi hizo mbili zinaonyesha jinsi lugha inavyozitofautisha namna za kuwa pamoja. Vitu vilivyoambatana vimekaa ubavu kwa ubavu, na kimoja kikiondolewa kingine hubaki kizima. Vitu vilivyochangamana vimeingiliana, na kimoja hakieleweki vyema bila kingine. Mitaa miwili inayopakana imeambatana tu. Ili itangamane, lazima watu wake waingiliane.

Kutokana na kitenzi hicho kimoja Kiswahili kimepata nomino mbili: utangamano na mtangamano. Wengi huzitumia kana kwamba ni sawa, na si kosa kubwa, lakini tofauti ya ngeli ina faida. Kiambishi u- hujenga majina ya sifa na hali, kama ilivyo katika umoja, utulivu na upole. Kiambishi m- chenye wingi wa mi- hujenga majina ya matendo na matokeo yanayoweza kuhesabika au kupangwa: mkusanyiko, mchanganyiko, muungano. Kwa hiyo utangamano ni hali iliyomo katika maisha ya watu, na mtangamano ni mpango au mchakato wa kuwaweka pamoja. Wanaoandika juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa Tanzania, huchagua mtangamano wanapoeleza hatua zilizowekwa na mkataba wake: Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005, Soko la Pamoja la mwaka 2010, Umoja wa Fedha ambao itifaki yake ilitiwa saini mwaka 2013, na shirikisho la kisiasa ambalo bado ni lengo. Ni chaguo sahihi. Hizo ni hatua zenye tarehe.

Historia ya Jumuiya yenyewe inaonyesha kwamba majina hayo mawili yanaweza kuachana njia. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilivunjika mwaka 1977. Mwaka huo huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Mtangamano ulikuwa umekufa. Lakini Wadigo waliendelea kuwa Wadigo pande zote mbili za mpaka, Horohoro na Lungalunga, na Wamaasai waliendelea kuwa na ng'ombe, wakwe na wazee wa rika moja upande wa pili wa mpaka wa Namanga. Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Jumuiya ya sasa imefikia nchi wanachama nane baada ya Somalia kujiunga mwaka 2024. Mtangamano umefufuka na umepanuka. Kupima kama utangamano nao umekua kwa kiasi hicho ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu haufuati ratiba ya itifaki. Hupimwa kwa mambo kama vile namna mfanyabiashara mdogo anavyopokewa katika soko la nchi jirani.

Tofauti inayosahauliwa kuliko zote ni ile iliyopo kati ya utangamano na amani. Amani inaweza kupatikana kwa kuwatenga watu. Dar es Salaam chini ya ukoloni ni ushahidi ulio wazi. Kanuni za ujenzi zilizowekwa na Wajerumani, zikaendelezwa na Waingereza, ziligawa mji katika kanda kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa, na kwa vitendo kanda hizo zikawa za rangi za watu. Lugha ya wakazi ilizitambua kwa majina yasiyoficha kitu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa ukanda wa wazi, Mnazi Mmoja, uwe kizuizi cha kuwatenganisha wakazi, kwa hoja ya afya. Mji kama huo unaweza kupitisha miaka mingi bila ghasia. Watu wake hawagombani kwa sababu hawakutani ila kwa amri na malipo. Hapo pana utulivu, na pengine amani, lakini utangamano haupo. Baada ya uhuru Mnazi Mmoja ulichukua kazi iliyo kinyume kabisa na ile uliyokusudiwa. Ukanda uliowatenga watu ukawa mahali pa kukusanyika, na mnara wa Mwenge wa Uhuru unasimama hapo hadi leo.

Upande huu wa neno, yaani ukaribu wa miili, ulijitokeza kwa namna isiyotarajiwa mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi Machi, vyombo vya habari vya Kiswahili vilihitaji neno la kuwataja watu waliokuwa karibu na mgonjwa na ambao ilipasa watafutwe na kupimwa. Wakaitwa waliotangamana naye. Katika matumizi hayo kutangamana hakukuwa na sifa yoyote ya wema wala ubaya. Kulimaanisha kukaa chumba kimoja, kusalimiana kwa mkono, kula sahani moja. Matumizi ya kidaktari yalirudisha wazi jambo ambalo hotuba zilikuwa zimelifunika. Kutangamana ni kujiweka mahali ambapo mwingine anaweza kukugusa. Panapo ukaribu pana hatari ya kuudhiana, na Waswahili wamelisema hilo tangu zamani kwa methali kwamba vyombo vikiwa pamoja havikosi kugongana. Anayetaka utangamano usio na kelele yoyote anataka kitu kingine, na neno lake halisi ni utengano wenye adabu.

Kwa sababu ya hatari hiyo, kutangamana huhitaji vitenzi vingine vya kukisindikiza, na karibu vyote viko katika kauli ya kutendana: kusikilizana, kuvumiliana, kuchukuliana, kustahiana. Kuchukuliana ndicho chenye picha nzito kuliko vyote. Kuchukua ni kubeba. Watu wanaochukuliana wanabebana, kila mmoja na mzigo wa tabia za mwenzake, na hakuna anayetua mzigo huo kwa siku moja. Kuvumiliana kuna ubaridi kidogo. Mtu anaweza kumvumilia jirani huku amemgeuzia mgongo. Kuchukuliana hakuwezekani kwa mgongo.

Nchi iliyoliingiza neno utangamano katika jina la taasisi iliyoundwa kwa sheria ni Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 yalizuka machafuko ambayo, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyoyachunguza, yaliua watu 1,133. Mamia ya maelfu walikimbia makazi yao. Majirani waliokuwa wamelima mashamba yaliyopakana kwa miaka walichomeana nyumba. Makubaliano ya tarehe 28 Februari 2008 kati ya Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, yalisimamisha mapigano. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria iliyozaa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa.

Jina hilo lina maneno mawili, na yanafanya kazi mbili. Uwiano, katika vitabu vya hisabati, ni ulinganifu wa idadi: wavulana watatu kwa wasichana wawili. Maana hiyo ya hesabu haikupotea ndani ya sheria. Kifungu cha saba kinazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wanaotoka katika jamii moja ya kikabila. Hapo uwiano ni uwiano kweli. Unaweza kukaguliwa kwa orodha ya mishahara, na ukaguzi wa Tume umeonyesha zaidi ya mara moja kwamba taasisi nyingi zinavuka kiwango hicho. Kifungu cha kumi na tatu kinaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hilo nalo linapimika mahakamani, ingawa kuthibitisha kosa hilo kumekuwa kugumu. Utangamano wenyewe hauna kifungu cha aina hiyo, na hauwezi kuwa nacho. Sheria inaweza kugawa nafasi za kazi na kuziba mdomo wa mchochezi. Kilichobaki ni namna wafanyakazi wa theluthi tatu tofauti wanavyokaa mezani wakati wa chai, wanazungumza lugha gani mwenzao akiwa hapo, na nani anachangia matibabu ya mzazi wa nani. Kuyaweka maneno hayo mawili pamoja katika jina moja kulikuwa uamuzi wa busara, maana bila mgawo wa haki utangamano hugeuka kuwa ombi la kuwataka walionyimwa wanyamaze.

Zanzibar hadithi ya neno hili ilipita njia nyingine, na pengine ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, matokeo yake yakiwa yamebishaniwa vikali, mgawanyiko wa Chama cha Mapinduzi na Chama cha Wananchi uliingia mpaka majumbani. Katika vijiji vya Pemba watu wa vyama viwili walisusiana maduka, wakasusiana harusi, na hatimaye wakasusiana mazishi. Kwa mtu wa pwani hilo la mwisho ni zito kupita kiasi. Maiti ya jirani haiulizwi chama. Huoshwa, huswaliwa na huzikwa, na anayepita njiani hushika jeneza hata kama hamjui marehemu. Kususia mazishi ni kutangaza kwamba hata kifo hakitoshi kuwaweka watu pamoja. Kijiji hakikuwa vitani. Kwa maana finyu kilikuwa na amani. Kilichokuwa kimekatika kilikuwa utangamano.

Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999. Haukudumu, na baada ya watu kuuawa katika maandamano ya Januari 2001 ukafuata Muafaka wa pili mwezi Oktoba mwaka huo. Yote miwili ilikuwa mikataba ya vyama, yenye vipengele na ahadi, na jina lake lililingana na kazi hiyo: pande zilizoafikiana. Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume wa Chama cha Mapinduzi na Maalim Seif Sharif Hamad wa Chama cha Wananchi walikutana Ikulu, na safari hii neno lililoshika likawa Maridhiano. Tofauti haikuwa ya mapambo. Anayeafiki anakubali masharti. Anayeridhia ameachilia moyo. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyopitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliungwa mkono na takriban theluthi mbili ya waliopiga kura, na uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa utulivu ambao visiwa havikuwa vimeuona tangu vyama vingi vianze. Watu wakaanza tena kuzikana. Mvutano ulirudi mwaka 2015, uchaguzi ulipofutwa, na hilo halibatilishi kilichotokea. Linaonyesha mpangilio wa maneno hayo matatu. Muafaka huwafunga viongozi, maridhiano hulainisha nyoyo, na utangamano huja mwisho na kwa mwendo wa polepole, kupitia duka, harusi na kaburi.

Lugha jirani zimelishughulikia jambo hili kwa njia zao, na kuzilinganisha kunafundisha. Kinyarwanda husema kubana, yaani kuishi pamoja, na kutoka hapo hupata imibanire, mahusiano ya watu wanaoishi pamoja. Msemaji wa Kiswahili hushtuka, kwa kuwa kwake kubana ni kukaza. Lakini ndani ya neno la Kinyarwanda vinaonekana vipande viwili, kuba, yaani kuwa, na kile cha na: kuwa pamoja na mwingine. Kiswahili kina vipande hivyo hivyo katika kuwa na, na kikavipeleka kwenye umiliki: kuwa na nyumba, kuwa na shamba. Ndugu wawili wamerithi matofali yale yale. Mmoja akajenga neno la kuishi na mtu, mwingine neno la kumiliki kitu. Rwanda pia hutumia neno abunzi kwa wapatanishi wa ngazi ya jamii, kutoka kitenzi kunga, ambacho ni pia kuunga mfupa uliovunjika. Kwa nchi iliyopita mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, picha ya mfupa ni sahihi kuliko nyingi. Mfupa ulioungwa hutembea, na mahali ulipovunjika huendelea kujulikana.

Mbali zaidi, Wahispania wana convivencia, neno la kuishi pamoja ambalo mwanahistoria Américo Castro alilitumia mwaka 1948 kueleza maisha ya Waislamu, Wakristo na Wayahudi katika Hispania ya zama za kati. Wanahistoria waliofuata wamebishana sana kama maisha hayo yalikuwa mema kiasi hicho. Ubishi huo ungepungua kama neno lingechukuliwa kwa maana ambayo Kiswahili kinaipa utangamano: kukaa karibu, kufanya biashara, kujifunza lugha ya mwenzako, na pia kugombana. Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 72/130 la tarehe 8 Desemba 2017, uliitenga tarehe 16 Mei kuwa Siku ya Kimataifa ya Kuishi Pamoja kwa Amani. Tafsiri hiyo ya maneno manne inaeleweka na watu wote, na hakuna sababu ya kuipinga. Ila inahitaji kutaja amani kando, kana kwamba kuishi pamoja peke yake hakuna tabia. Katika kutangamana namna ya kuishi pamoja imo tayari ndani ya kitenzi.

Kwa matumizi ya sentensi, kutangamana huchukua na: mtu hutangamana na watu, au watu hutangamana wao kwa wao. Hakuna anayemtangamana mwenzake, kama ambavyo hakuna anayemsimama. Kauli ya kutendesha, kutangamanisha, ipo na ni halali, na serikali huipenda. Itumike kwa kiasi, kwa maana humwondoa mtendaji halisi na kumweka msimamizi mahali pake. Waandishi hujenga utangamano, huuimarisha na huudumisha. Kuutangaza au kuuzindua hakukubaliani na hali inayokaa. Na matumizi yaliyo hai kuliko yote hayako katika majina ya tume. Yako katika ripoti za shule nchini Kenya, pale mwalimu anapoandika kwamba mtoto anatangamana vyema na wenzake. Mtoto huyo hajatia saini chochote. Amejifunza kukaa dawati moja na mtu asiyemchagua, kuazima kifutio na kukirudisha, na kesho yake kukaa hapo tena.